Mikono Iliyokataliwa na Mashine

Taa nyekundu iliwaka kwa mara ya tisa. Afisa wa alama za vidole, mwanamke mwenye miwani na subira iliyokuwa inakaribia ukingoni, alivuta pumzi.

"Mama, weka tena kidole gumba. Usikandamize."

"Sikandamizi, mwanangu. Nimekiweka kama ninavyoweka yai."

Mashine ikalia kinyonge, kama kifaranga aliyekanyagwa. Nyekundu. Mara ya kumi.

Mama Miche aliiondoa mikono yake kwenye kioo akaitazama kama mzazi anayewatazama watoto walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mtaa mzima ulimwita Mama Miche kwa sababu ya kitalu kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka thelathini na mmoja mikono hiyo ilikuwa imechanganya udongo na samadi, imejaza mifuko myeusi ya miche isiyo na idadi, imepogoa mawaridi na kung'oa magugu, jua liwake, mvua inyeshe. Viganja vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu. Ncha za vidole zilikuwa zimesuguliwa hadi zikang'aa kama kokoto za mtoni. Palipokuwa na mistari, haikuwa ile aliyozaliwa nayo. Ilikuwa mipasuko, na ndani ya kila mpasuko udongo ulikuwa umeshahamia na kujenga.

"Huenda mashine ni mbovu," alisema Mwalimu, mumewe, aliyekuwa amemsindikiza.

"Haya, baba, weka wewe tuone," afisa akasema.

Mwalimu alikunja mkono wa shati. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na tangu ujana wake hakuwahi kushika kitu kizito kuliko bikari ya ubaoni. Akagusa kioo kwa kidole kimoja. Kabla hajakitua vizuri, taa ya kijani ikawaka na mashine ikaimba.

"Mashine ni nzima," afisa akasema. "Tatizo ni kwamba mama hana alama za vidole."

"Hana?"

"Kwa mujibu wa mashine, hana."

"Kwa hiyo mimi si mtu?" Mama Miche akauliza.

"Ni mtu, mama. Mimi nakuona. Ila mashine bado haijakubali."

Foleni nzima ikacheka. Mama Miche hakucheka. Binti yake wa pekee alikuwa anaishi ng'ambo na mumewe, ana mimba ya kwanza, amebakiza miezi miwili kujifungua. Mama Miche alikuwa ameapa mbele ya mashahidi kwamba mjukuu wake hataogeshwa na watu waliojifunza kuogesha mtoto kwenye simu. Na bila alama za vidole hapakuwa na pasi ya kusafiria, na bila pasi hapakuwa na safari.

Afisa alimwona jinsi uso ulivyomshuka, akalegeza sauti. "Wewe si wa kwanza. Waashi, dobi, wakulima, wote tunawarudisha. Ngozi ikipumzika, alama hurudi zenyewe. Kapumzishe mikono wiki mbili. Usishike udongo, usishike jembe, usifue. Paka mafuta. Kisha urudi siku kama ya leo. Ikishindikana tena, faili lako litapelekwa makao makuu, na huko..." Hakumalizia. Aliinua macho darini, kama vile makao makuu yalikuwa mbinguni.

Walikuwa wamekaribia kwao ndipo Mama Miche aliporopoka: "Wiki mbili! Na ile miche elfu mbili nani ataimwagilia? Malaika?"

"Mimi," Mwalimu akasema.

Mama Miche alisimama katikati ya njia. Mwalimu alikuwa ameishi ubavuni mwa kile kitalu miaka yote thelathini na mmoja, na alichowahi kukifanyia ni kukikatiza akienda kununua gazeti.

"Usinitolee macho," Mwalimu akasema. "Kilimo ni hesabu tu."

Habari ilikuwa imeshafika mtaani kabla yao. Kila mtu alikuwa na dawa. Muuza mkaa wa pembeni mwa barabara alisema hakuna uchafu usiosalimu amri kwa mafuta ya taa, yeye mwenyewe ndiyo anayoyatumia kila siku. Ila mikono aliyoinyoosha wakati akisema hivyo ilikuwa na rangi ileile ya bidhaa yake. Fundi baiskeli alipendekeza sabuni ya unga na mchanga. Wifi yake, dada yake Mwalimu, alipiga simu kutoka mbali kwa ajili ya neno moja tu: ndimu.

"Ikate katikati, wifi, ujisugue nayo. Usiogope."

Mama Miche hakuwa mwoga. Siku ya kwanza akaikata ndimu katikati akajisugua. Maji ya ndimu yaliingia kwenye mipasuko yake yote kwa pamoja, na ukelele alioutoa ulimfanya Mwalimu, aliyekuwa kitaluni, aitupe ndoo ya kumwagilia na kupanda juu ya benchi akitafuta nyoka alipo. Siku ya pili alijaribu sabuni ya unga na mchanga. Mikono ikatoka myekundu kama imechemshwa, na madoa yapo palepale, yamepiga kambi. Siku ya tatu akahamia kwenye mafuta ya taa. Madoa yalififia kidogo, lakini harufu ilijaa nyumba nzima, na Mwalimu akampiga marufuku kusogelea jiko.

"Sitaki kuwa mjane kwa sababu ya kikombe cha chai," akasema.

Aliyemwokoa alikuwa msusi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye saluni ya viti viwili na mdomo usiopumzika. Aliiona ile mikono juu ya ua akashika kiuno.

"Shoga yangu, hiyo ni mikono au ni nyama ya kuchoma? Vaa viatu. Twende duka la dawa."

Mfamasia alikuwa bwana wa makamo asiyetabasamu bila sababu. Aliigeuza mikono ya Mama Miche upande huu na upande ule chini ya taa, kisha akauliza imepakwa nini. Mama Miche akamtajia. Kila alipotaja kitu, bwana yule alifumba macho kama anayepigwa kofi.

"Mama," akasema mwishowe, "wewe hujaitunza mikono. Umeiadhibu. Mikono imefanya kosa gani?"

Akamweleza polepole. Ngozi iliyopasuka haitaki kusuguliwa, inataka kubembelezwa. Aloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, kwa dakika kumi hivi, na sabuni ya kuogea ya kawaida. Mswaki wa zamani uliolainika ndio wa kusafishia kucha. Baadaye, mipasuko ikishafunga, ndipo jiwe la kusugulia visigino lipite juu ya sugu, taratibu, kidogo kila siku. Akishajifuta, asingoje mikono ikauke kabisa. Apake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, ili maji yafungiwe ndani. Kisha aifunike kwa glovu za pamba.

"Na ndimu?" msusi akauliza.

"Ndimu mkamulie samaki."

Glovu za pamba hazikupatikana dukani. Mwalimu alifungua sanduku lake akatoa soksi mbili nyeupe, ndefu, alizokuwa akivaa siku za michezo shuleni, zenye mistari miwili ya buluu juu. Mama Miche akavikwa. Ukimtazama kwa mbali ungedhani ni bondia aliyeingia uzeeni bila kutaarifiwa.

Yale madoa meusi ya kijanikijani yaliyoganda pembeni mwa kucha, hayo aliyajua mwenyewe. Ni utomvu wa majani ya nyanya, na hauogopi sabuni hata ya aina gani. Unaogopa nyanya yenyewe. Ukiponda nyanya mbichi na kujipaka, unaachia. Alikuwa analijua jambo hilo tangu ujana, ila hakuwahi kuona sababu ya kutoa leo kitu kitakachorudi kesho saa mbili asubuhi. Sasa aliponda nyanya, akajipaka, akasuuza, na chini ya madoa akakuta kucha za rangi ya waridi ambazo alikuwa amezisahau.

"Hee!" akasema peke yake bafuni. "Kumbe bado mpo?"

Tatizo likawa Mwalimu.

Mwalimu alianza kazi kwa kufungua rejesta. Kila mfuko wa mche ulipewa namba, na kila asubuhi aliita mahudhurio. Hilo Mama Miche alilivumilia. Siku ya nne, akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni na soksi zake, alimwona mumewe akibeba ndoo ya kumwagilia, jua likiwa utosini.

"Unakwenda wapi na maji saa sita mchana?"

"Kumwagilia."

"Nani alikwambia miche inamwagiliwa saa sita?"

"Wewe mwenyewe. Ulisema wengine humwagilia saa kumi na mbili asubuhi, wengine saa kumi na mbili jioni. Nimetafuta wastani."

Mama Miche akamwambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba maji ya saa sita huipika miche ikiwa hai, na kwamba kama atamwaga hata tone moja, yeye atavua hizi soksi sasa hivi, pasi iende, safari iende. Mwalimu akairudisha ndoo. Kwenye rejesta akaandika: *Somo la maji limeahirishwa.*

Siku ya sita, Mama Miche akiwa ndani ameloweka mikono kwenye beseni, mteja alikuja. Alikuwa mkulima wa bonde la chini mwenye baiskeli na kikapu kikubwa nyuma, anataka miche mia mbili ya nyanya. Mwalimu akamhesabia kwa sauti, moja hadi mia mbili, hakukosea hata mmoja. Akaingia ndani kifua mbele kutoa taarifa.

"Nimeuza nyanya mia mbili."

"Umetoa tuta lipi?"

"Lile la ukutani."

Mama Miche aliinuka, maji yakamwagika. "La ukutani ni pilipili hoho!"

"Majani ni yaleyale."

"Majani ni yaleyale? Mwalimu! Wewe na kaka yako mna pua ileile, je, mimi ni mke wa nani?"

Hakusubiri jibu. Mikono ilikuwa majimaji, na mfamasia alikuwa amesema isiachwe hivihivi, basi akaitumbukiza kwenye kopo la mafuta, akavuta soksi kwa meno, akatoka mbio. Mkulima alikuwa ameshafika kwenye kona. Mama Miche alimpigia kelele huku akiipunga mikono yake yote miwili hewani, soksi zikipepea kama bendera. Mkulima akageuka. Akamwona mama mtu mzima akimpungia kwa furaha kiasi kile, akaguswa moyoni. Na yeye akampungia.

"Asante, mama! Nawe ubaki salama!" akasema, akaongeza mwendo.

Aliyemsimamisha ni muuza mkaa, aliyesukuma mkokoteni wake katikati ya barabara baada ya kuelewa, kwa jinsi Mama Miche alivyokuwa akihema, kwamba ile haikuwa kwaheri. Miche ikarudishwa, ikabadilishwa. Mkulima aliiangalia mikono iliyovaa soksi, akamwangalia Mwalimu aliyekuwa ameinamisha kichwa, akaona asiulize.

Baada ya hapo Mama Miche alikaa kitaluni kutwa, kigoda katikati ya matuta, akiongoza kwa mdomo. "Kushoto. Si huo, huo ni mpapai. Shika shina, usishike jani. Polepole, si chaki hiyo." Ilimtesa kuliko ndimu. Kutazama kazi yako inafanywa vibaya na mtu unayempenda, huku umekatazwa kuigusa, ni adhabu ambayo hata mahakama haimpi mtu. Siku ya nane, alipodhani mumewe amekwenda chooni, alivua soksi moja, akajiinamia na kushika gugu moja dogo lililokuwa likimkera tangu asubuhi.

"Weka chini!" sauti ikanguruma nyuma yake. Ilikuwa sauti ya darasani, ile iliyokuwa ikiwanyamazisha wanafunzi hamsini kwa mpigo. Mama Miche, mwenye miaka sitini na mbili, aliliachia gugu na kuficha mkono nyuma ya mgongo.

"Ni moja tu."

"Hesabu zote zinaanzia moja. Lete mkono."

Akamkalisha, akaleta beseni. Mipasuko ilikuwa imeanza kufunga na ilikuwa siku ya kuanza jiwe. Mwalimu alivaa miwani yake ya kusomea, akakilaza kiganja cha mkewe kwenye goti lake, akaanza kusugua sugu moja moja kwa uangalifu aliokuwa akiutumia kusahihisha mitihani. Katika ndoa ya miaka thelathini na minne hakuwahi kuitazama mikono hiyo kwa karibu namna hiyo. Ilikuwa ikimpa chai, ikimkunjia mashati, ikipita mbele ya macho yake kutwa, naye alikuwa anaangalia chai na mashati.

"Hili kovu la nini?" akauliza. Lilikata kidole gumba cha kulia mshazari, kutoka kwenye kucha hadi kwenye kiungo.

"Panga."

"Lini?"

"Zamani. Binti yako alikuwa na miaka mitatu. Homa ilimpanda ghafla nikiwa nakata vijiti vya kuegemezea nyanya. Alipolia nikageuka, panga likaniteleza. Nikafunga kidole kwa kitambaa cha kichwa, nikambeba mbio hospitali. Muuguzi alipotuona alidhani mgonjwa ni mimi, akanishona kwanza."

Mwalimu aliacha kusugua. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekwenda kusahihisha mitihani ya taifa. Uliporudi ulikuwa na furaha, wanafunzi wako walikuwa wamefaulu wote. Ulizungumza usiku kucha. Nilikuwa naingojea nafasi, ikapita."

Mwalimu aliuvuta ule mkono karibu na miwani yake, akaupindua, akaupindua tena. Kisha akachota mafuta ya mgando, akapaka. Akachota tena. Akapaka hadi kwenye kiwiko.

"Baba," Mama Miche akasema baada ya muda, "unanipaka au unanikaanga?"

"Tulia," Mwalimu akajibu. Akapiga chafya ya uongo, akafuta macho kwa bega.

Kuanzia siku hiyo kupaka mafuta ikawa kazi yake, asubuhi na jioni, na hapo hakutafuta wastani. Mikono ikaanza kubadilika. Ngozi ngumu ilibanduka kama gome kuukuu, na chini yake ikatokea nyingine, laini, nyepesi, kama ya mgeni. Mama Miche hakuizoea. Alishika kifuniko cha sufuria, kama alivyofanya maisha yake yote bila kitambaa, akakirusha hadi mlangoni kwa maumivu. Waridi lilimchoma mwiba kupitia kwenye soksi akatoa machozi. "Nimekuwa mtoto," alimlalamikia msusi. Msusi aliziweka ncha za vidole vile kwenye mwanga wa dirisha la saluni, akapiga vigelegele: mistari midogo, myembamba, inayozunguka kama maji yaliyorushiwa jiwe, ilikuwa imerudi.

Siku ya miadi Mwalimu alimpaka mara mbili kwa usalama, na mara ya tatu mlangoni pa ofisi.

Afisa aliwakumbuka. "Karibuni. Haya mama, tuanze na mkono wa kulia, vidole vinne."

Mama Miche aliweka vidole kwenye kioo. Vikateleza vikatokea upande wa pili na kuangusha kalamu za afisa.

"Mama, umepaka nini?"

"Uliniambia nipake mafuta."

"Nilisema upake, sikusema uogelee."

Akajaribu tena. Skrini ikaonyesha doa moja kubwa lenye ukungu. Afisa akatoa spiriti na pamba, akafuta kioo, akamfuta Mama Miche vidole kimoja kimoja, akafuta meza, akafuta kalamu. Foleni nyuma yao ikaanza kunung'unika. Mwalimu alijifanya anasoma tangazo la ukutani, ingawa lilikuwa limegeuzwa chini juu.

Kisha, kimoja baada ya kingine, vikasomeka. Cha shahada, kijani. Cha kati, kijani. Cha pete, kijani. Cha mwisho, kijani. Mkono wa kushoto wote, kijani tano mfululizo, na kila taa ilipowaka Mwalimu alikuwa akihesabu kwa sauti bila kujijua. Tisa. Kikabaki kidole gumba cha kulia, kile chenye kovu. Nyekundu. Nyekundu tena. Spiriti ilikuwa imekikausha kama karatasi.

Afisa alitazama saa, akainama karibu. "Mama, nikusaidie. Kwenye fomu hapa kuna sehemu ya kidole. Naweza kuchagua 'kipo' au 'hakipo'. Nikichagua 'hakipo', mashine inaruka, tunamaliza."

"Hakipo?" Mama Miche akakiinua mbele ya miwani ya afisa. "Na hiki ni nini?"

"Ni utaratibu tu."

"Mwanangu, mimi nashuka kwenye ndege, nchi ya watu. Pasi inasema nina vidole tisa. Wananihesabu, wanakuta kumi. Nitawaambia hiki nimekitoa wapi? Nimekiazima?"

Mtu wa nne kwenye foleni akakohoa. Alikuwa mwashi, mzee mwenye vumbi la saruji nyusini, aliyerudishwa mara mbili kabla ya hapo na kwa hiyo alikuwa mzoefu.

"Samahani, dada. Mashine inataka jasho kidogo. Si mafuta, jasho. Kisugue hicho kidole kwenye paji la uso, kisha ukiweke haraka."

Mama Miche akasugua kidole kwenye paji la uso, ambalo kwa mabishano yale lilikuwa na jasho la kutosha familia nzima, akakitua kwenye kioo. Mashine ikafikiri. Ikafikiri tena.

Kijani.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu alimkumbatia mwashi kabla ya kumkumbatia mkewe, akatoka na vumbi la saruji kifuani. Afisa mwenyewe alikuwa anacheka huku akipiga muhuri kwenye karatasi.

"Hongera, mama. Njoo uchukue pasi yako baada ya wiki tatu. Siku hiyo utaweka kidole tena, kuthibitisha kwamba ni wewe."

Makofi yakafa. Mwalimu, ambaye malengelenge ya jembe yalikuwa yamempasukia viganja vyote viwili na ambaye usiku wa jana alikuwa ameota anafukuzwa na kabichi, alikaa chini kwenye kiti ambacho tayari kilikuwa na mtu.

"Wiki tatu?" akasema. "Nyingine?"

Lakini Mama Miche alikuwa anafikiri. "Mwanangu, siku hiyo utataka vidole vyote?"

"Hapana. Cha shahada cha kulia tu."

"Kimoja?"

"Kimoja."

Mama Miche alirudi nyumbani akitabasamu njia nzima. Jioni ileile kidole chake cha shahada cha kulia kilipakwa mafuta kidogo, kikazungushiwa pamba, kikafungwa kitambaa, kisha kikavikwa kipande kilichokatwa kwenye soksi ya michezo, mistari miwili ya buluu ikiwa juu. Asubuhi yake alishuka kitaluni na vidole tisa vilivyobaki akaanza kazi. Kile cha kumi alikinyoosha juu muda wote kisiguse kitu. Aling'oa magugu kidole kikielekea mawinguni, akachanganya samadi kidole kikielekea mawinguni. Wateja wapya walidhani anawaonya. Watoto waliokuwa wakipita kwenda shule walijipanga mstari wenyewe. Mwalimu, aliyeshushwa cheo hadi mbeba maji, alifuata nyuma na rejesta yake akiwa mtu mwenye raha kuliko wote duniani.

"Mama, kidole kimefanyaje?" mtu akiuliza, Mama Miche hujibu bila kuinua kichwa: "Hiki kina safari."

Wiki tatu zilipotimia alikifungua mbele ya afisa. Kilikuwa cheupe, kimejikunja kidogo, laini kama sikio la mtoto mchanga. Kiligusa kioo mara moja. Kijani. Na siku kumi baadaye Mama Miche alikuwa anasukuma sanduku lake kwenye mlango wa kutokea wa uwanja wa ndege wa mbali, mahali penye baridi hata ndani.

Binti yake alimkimbilia kwa mwendo wa bata, tumbo mbele, wakakumbatiana kwa ubavu kwa sababu kwa mbele haikuwezekana. Walipokwisha kulia, binti aliishika mikono ya mama yake ili ampokee mzigo, akasita. Vidole tisa vilikuwa vigumu, vyeusi pembeni mwa kucha, vyenye mipasuko, vilevile alivyovijua tangu utotoni. Kimoja kilikuwa kama cha mtu mwingine.

"Mama, hiki kidole kimekuwaje?"

Mama Miche alikitazama kwa heshima.

"Hicho ndicho kilichonileta," akasema. "Hawa wengine wamekisindikiza tu. Haya, tumbo likoje? Unakula?"